Kete Sabini na Moja

Hakimu Sulaimani, na Hakimu ni jina lake, si cheo, ni mtu ambaye ukimpisha mlangoni naye atakupisha wewe, mtasimama hapo wote wawili mpaka chai ipoe. Nilifanya naye kazi miaka minne mjini Arua, Uganda, meza yake ikitazamana na yangu, na sikumpenda hata siku moja. Nasema wazi mapema, asije mtu akadhani naandika sifa. Shati lile lile la mistari, kiatu kilichopigwa dawa mpaka kimekuwa kizito, na sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kupumua. Akitaka birika la ofisi, birika la watu wote, lazima aulize kwanza: "Birika iko na mutu?" Ebo! Birika limekaa pale mezani peke yake, nani awe nalo? Lakini Hakimu ataulizia, atangoja jibu, na akimaliza atalirudisha palepale na kutangaza, "Nimeacha." Kila siku ya Mungu. Nilikuwa natamani kumrushia hilo birika.

Mimi naitwa Shamirah. Nilisoma kompyuta Nairobi, nikarudi nyumbani na Kiswahili cha shule na kichwa kikubwa, ingawa hicho kichwa nilikwenda nacho. Hakimu alisoma Koboko kwao, kisha chuo fulani kidogo, kisha vitabu vya kuazima. Bosi wetu, Ocama, alituajiri sote wawili tutengeneze kitu kimoja: mchezo wa bao la mweso wa kwenye simu, ili mtu wa Ayivu anayepumzika kando ya muhogo wake aweze kucheza na mtu wa Koboko asiyemjua hata sura. Ocama mwenyewe hakujua programu, na bao hakulijua. Alijua kufunga tai.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaona ujinga ulikuwa wa nani.

Seva yetu, yaani mashine iliyobeba michezo yote, ilikuwa ya Unix. Kila meza ya wachezaji wawili iliendeshwa na programu yake ndogo. Lakini mabao yote tuliyaweka mahali pamoja, kwenye kumbukumbu ya pamoja, ili programu nyingine nazo ziyaone: ile ya kuwaonyesha watazamaji, ile ya matokeo, na yangu mimi, niliyoipa jina la Askari. Kumbukumbu ya pamoja ni sinia moja la chakula. Mnakula haraka, hakuna wa kungoja kupakuliwa, ila mikono ni mingi.

Hakimu ndiye aliyeandika sehemu hiyo ya sinia, na aliiandika kama anavyoshika birika. Kila bao alilipa kufuli lake. Programu ikitaka kugusa bao inaomba kufuli, inangoja, inafanya kazi yake, inaachia. Na kabla haijagusa kitu inaandika nakala ya bao lilivyo, ili ikifa katikati ya kusambaza kete, itakayokuja nyuma yake irudishe kila kete shimoni mwake na mchezo uanze tena kutoka hapo. Nakala hizo hakufuta hata moja. Nilipomuuliza woga wote huu ameutoa wapi, akanijibu bila hata kuona haya, "Kwa mama."

Mama yake anaitwa Kaltumu, na Koboko nzima inamjua. Kazi yake ni kushika kopo sokoni. Simsim ikiletwa, au maharage, na muuzaji na mnunuzi hawajuani, huitwa Kaltumu apime, kwa sababu yeye si wa huyu wala wa yule. Anajaza kopo, anapitisha kiganja juu, anamimina, anahesabu kwa sauti. Miaka ishirini na miwili amekula kwa mkono huo, na hakuna aliyewahi kuupima baada yake. Jioni hucheza bao na wanawake wenzake, na huko ndiko Hakimu alikokulia.

"Pale kwetu," aliniambia, "mkono ukiwa na kete, mwenzake anakalia mikono yake. Kabisa, anaikalia. Mutu akiitwa katikati, kete zinarudi. Na mwenye kutazama hahesabu. Anangoja mkono utoke kwa bao."

"Hata anayetazama?"

"Hata yeye, dada."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Jamani, mimi nimesoma kwa madaktari wa vyuo vikuu, huyu ananiletea makalio ya wanawake wa Koboko!

Basi Askari wangu alikuwa na kazi moja. Bao la mweso lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, hazizidi wala hazipungui. Walikuwepo wajanja waliochezea programu ya simuni wakijiongezea kete, kwa hiyo Askari alizunguka bao kwa bao akihesabu. Akikuta si sitini na nne, anamwondoa palepale anayecheza na kuandika kosa lake kwa herufi nyekundu watu wote waone. Niliupenda sana wekundu ule.

Mwanzoni Askari aliomba kufuli kama wenzake. Akawa anangoja kila meza, mzunguko ukawa mrefu, na Ocama akalalamika kwamba mchezo unakwenda kama mgonjwa. Nikamfutia Askari kufuli. Mistari miwili tu, nikaifuta, na mahali pake nikaandika kwa maringo: *Kufuli la nini? Kusoma si kuiba.*

Hakimu aliona kesho yake. Akaja mezani kwangu, akasimama kando mpaka nikainua macho.

"Dada Shamirah, hii ya kusoma, turudishe kufuli."

"Askari hagusi kitu. Anatazama tu. Ataharibu nini kwa kutazama?"

"Bao hataharibu. Ataharibu hesabu." Akaelekeza kidole kwenye kioo changu. "Kufuli hii si chuma, dada. Iko makubaliano tu. Mmoja akikataa kuuliza, hakuna kufuli."

"Nenda kaulize birika," nikamwambia. Ocama akacheka, nami nikaona nimesema jambo kubwa.

Miezi kumi ikapita salama. Miezi kumi mizima! Kila nilipopita mezani kwake nilimuuliza, "Vipi, hesabu imeharibika?" Naye anatikisa kichwa, anaendelea na kazi. Kumbe ilikuwa bahati. Mashine yetu ya zamani ilikuwa na kichwa kimoja, inafanya jambo moja, inaliacha, inashika jingine. Askari na programu ya meza hawakukutana ndani ya bao moja ila kwa nadra sana. Nami bahati nikaiita akili, kama wafanyavyo wengi waliosoma.

Halafu ikaja fainali. Ocama alitaka makuu: akapata mashine mpya yenye vichwa vinane, vyote vikifanya kazi kwa wakati mmoja, akakodi ukumbi Koboko karibu na soko, akatundika kitambaa ukutani ili watu waone bao kubwa. Arua ilimtoa Yengi, mwalimu wa Mvara, aliyecheza akiwa hukohuko Arua. Koboko ilimtoa Kaltumu. Mimi nilipewa kipaza sauti. Hakimu alipewa nyaya, akae pembeni azitunze.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Kaltumu alicheza polepole, simu ameiweka mezani, na kila zamu ya Yengi ilipofika aliweka mikono chini ya mapaja. Watu wakamcheka kwa mapenzi. Alikuwa anashinda waziwazi. Akagusa shimo lenye kete saba, kete zikaanza kusambaa ukutani, na kabla hazijakwisha kitambaa chote kikawa chekundu: KETE SABINI NA MOJA. MCHEZAJI KALTUMU AMEONDOLEWA KWA WIZI.

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri kwanza, lakini nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na mwenye kipaza sauti hafikiri.

"Mmeona wenyewe," nikasema. "Kete saba za wizi. Na msiniulize mimi, ulizeni mashine. Mashine haina mjomba wala shangazi!"

Pembeni kule Hakimu alikuwa amesimama. Mdomo wake ulikuwa unakwenda, sikusikia neno, na kusema kweli sikutaka kusikia. Kaltumu aliinua mikono yote miwili juu, viganja wazi, akaigeuza huku na huku ili watu waione. Mikono mitupu. Ndipo mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Hiyo ndiyo inapima simsim yetu!" na kicheko kikalipuka. Yule mama akashusha mikono yake, akavuta shela, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu Ocama alimfukuza Hakimu. Mtoto anaandika programu, mama anapata kete za ziada; nani angehitaji ushahidi zaidi? Mimi sikuhitaji. Hakimu alikusanya kalamu zake, akasema, "Dada, soma nakala," akaondoka. Nikamjibu mgongo wake, "Soma wewe." Wiki hiyo hiyo tukasikia sokoni Koboko wameacha kumwita Kaltumu. Lori likija, wanamwita mwanamke mwingine. Nilipoambiwa nilisema, na naandika hapa kwa aibu yangu mwenyewe, "Mwizi wa kete ni mwizi wa kopo."

Wiki ya tatu, Jumatano asubuhi, Ocama alikuwa ofisini kwake akicheza na mtu wa Vurra, miguu juu ya meza. Nikasikia ukelele. Simu yake ilikuwa nyekundu: KETE SITINI NA NANE. MCHEZAJI OCAMA AMEONDOLEWA KWA WIZI.

"Mashine hii mbovu!" akafoka. "Mimi niibe kete? Mimi?"

Wacha wee. Mama wa sokoni akiitwa mwizi, mashine ni malaika. Bosi akiitwa, mashine ni mbovu. Nilimdharau pale pale kwa moyo wangu wote. Halafu nikarudi mezani, nikakaa, dharau ikanigeukia na kunitazama usoni.

Nikafungua zile nakala za Hakimu. Zilikuwa pale siku zote, na sikuwahi kuzifungua kwa sababu tu zilikuwa za Hakimu. Nikachukua za fainali, hatua kwa hatua, nikahesabu kwa mkono kwenye karatasi. Kabla ya kila hatua ya Kaltumu: sitini na nne. Hatua inayofuata: sitini na nne. Tangu mwanzo wa mchezo mpaka dakika aliyoondolewa, haikuzidi kete hata moja.

Nikaona basi. Askari alifika kwenye lile shimo, akahesabu kete saba zilizomo. Kabla hajasogea shimo la pili, kichwa kingine cha mashine kikaziinua zile saba na kuzisambaza mbele, moja kila shimo. Askari akaendelea na safari yake, akakutana nazo tena huko mbele, akazihesabu mara ya pili. Sitini na nne na saba: sabini na moja. Mkono wa Kaltumu ulikuwa bado ndani ya bao, na mimi nilikuwa nimemfundisha askari wangu asingoje utoke. Ile mistari miwili niliyoifuta ilikuwa imeacha pengo, na ndani ya pengo lile maneno yangu ya maringo yalikuwa yanasomeka vizuri kabisa.

Nikamwambia Ocama yote. Alisikiliza akinyoosha tai.

"Rudisha kufuli," akasema, "na unyamaze. Tukitangaza, nani atacheza tena?"

"Na yule mama?"

"Watu watasahau."

Nilirudisha kufuli. Nikaandika pia kwamba Askari akikuta hesabu mbaya ahesabu upya kabla ya kumtaja mtu. Kazi yote haikuzidi saa moja. Saa moja, ambayo Hakimu alikuwa ameniomba karibu mwaka mzima kabla! Kisha nikafunga kompyuta, nikashuka stendi, nikapanda gari la Koboko bila kumuaga mtu.

Nilimkuta Kaltumu kwake, akimenya karanga. Hakimu alikuwa kando akimenya naye, ameketi kama alivyokuwa akiketi ofisini, magoti pamoja. Aliponiona akasimama anipishe kiti. Hata pale! Nikatoa salamu, wakaitikia. Nikasema yote niliyokuja nayo, haraka haraka, kete saba, vichwa vinane, kufuli. Kaltumu hakuacha kumenya.

"Wewe ulihesabu mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara moja, Mama Hakimu."

"Mutu anaitwa mwizi kwa hesabu moja?"

Nikamgeukia Hakimu, na bila haya nikamlaumu, maana ndivyo nilivyozoea. "Wewe ulijua siku ileile. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, dada. Wewe ulikuwa na kipaza sauti."

"Na baadaye je?"

"Mtoto wa mwizi akisema mama yake hapana mwizi, nani anasikia?"

Nikaomba radhi. Nilipiga magoti hasa, juu ya maganda ya karanga. Kaltumu akakung'uta maganda mapajani.

"Mimi hapana taka pole ya ndani ya nyumba," akasema. "Uliniita mwizi mbele ya watu. Inuka. Twende sokoni."

Tukaenda, watu watatu, yeye mbele na kopo lake kwapani. Soko lilikuwa limechangamka. Nikapanda juu ya kreti ya soda, mimi niliyesoma Nairobi, bila kipaza sauti chochote, nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza. Nikawaambia mimi ndiye niliyemwita Kaltumu mwizi, na kwamba hakuiba, hakuzidisha kete hata moja, hesabu za mchezo wote ninazo hapa kwenye karatasi, atakaye na aje azione.

Mwanamke mmoja wa nyanya akauliza, "Kwa hiyo ni mashine ilikosea?"

Lo, mlango ule! Ulikuwa wazi mbele yangu, mpana, nikiingia tu nimeokoka. Mashine haina uso wala haina mama Koboko. Hakimu alikuwa ananitazama, si kwa hasira, na hilo liliniudhi kuliko hasira.

"Mashine haikukosea," nikasema. "Ilifanya nilivyoiagiza. Huyu Hakimu aliniambia si sawa, nikamcheka. Nilikosea mimi, na naitwa Shamirah, wa Arua, kama mnataka kujua wa kumtukana."

Wengine wakapiga makofi. Wengine wakacheka, wengine wakanitukana kweli, kwa Kiswahili na kwa Kinubi, na nikasikiliza yote. Mzee mmoja akasema ametumwa huyu, wakubwa wanasafishana. Lakini wanawake wa bao walimzunguka Kaltumu wakamshika mikono, na mara ya kwanza tangu nifike nikamwona anatabasamu.

Hapo akapenya Tongun, mfanyabiashara wa Sudan Kusini anayepeleka simsim Yei, mteja wake wa miaka mingi. Alikuwa na furaha ya kweli, sikuona unafiki wowote usoni mwake.

"Mama, nimefurahi sana," akasema. "Gunia mbili iko hapa, muuzaji anangoja. Njoo upime."

Kaltumu akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa penye gunia la kwanza. Kopo likajaa, kiganja kikapita juu, simsim ikamiminika, na sauti yake ikahesabu, moja, mbili, tatu, watu wote wakimsikiliza. Yakatoka makopo themanini na mawili.

"Asante, Mama," akasema Tongun. Kisha, kwa adabu kabisa, macho chini, akanyoosha mkono. "Naomba kopo. Si kwa ubaya, Mama. Nahesabu tu tena."

Kaltumu akampa. Tukasimama pale sote, mimi na Hakimu na soko zima, tukimngoja amalize. Yakatoka themanini na mawili. Tongun akamrudishia kopo kwa mikono miwili, akamshukuru mara ya pili, halafu akamwita mwanamke mwingine aje apime gunia lililobaki.